Kwa Matumizi ya Kila Siku

Kipya kinyemi ingawa kidonda,
walisema wahenga, ila hawakuwahi
kulipia mkopo wa gari la kompyuta
linalowasha taa ya njano kila mwisho wa mwezi
na asipatikane wa kujua linalia nini.

Nikasema basi, nitafute la kale.
Si la kuoshwa Jumapili na kufunikwa turubai,
si la kuvishwa maua na kukodishwa kwa maharusi.
La kwenda nalo kazini, Mbagala hadi Muhimbili,
zamu ya asubuhi, zamu ya usiku,
mwanangu akitapika kiti cha nyuma.

Fundi Sikudhani alikuja na sumaku
aliyoing'oa kwenye spika mbovu.
"Macho yanahongwa na rangi," alisema.
"Hii haili rushwa."

Kinondoni, Vokswageni,
nyekundu kama mdomo wa mla tambuu.
Niliipenda kabla haijawaka.
Sikudhani akapitisha sumaku ubavuni: haikushika.
Akashuka chini ya mlango: haikushika.
"Hapa tunauziwa puti. Bati lilishahama."
Mwenyewe akacheka, akapunguza laki mbili,
akapunguza na nyingine;
bei ilikuwa na mbio kuliko gari.

Masaki, Pijo 504.
Lo!
Taa zake zimeinamisha pembe
kama mtu anayekusikiliza mpaka mwisho.
Nilikaa, kiti kikanipokea, nikasahau nina watoto wa kusomesha.
Na pampu ya maji ikifa?
"Inaagizwa," alisema muuzaji, akitazama ukuta.
Kwa muda gani?
"Inategemea."
Nimekaa maabara miaka kumi na minne.
"Inategemea" naijua, nimeshaiandika kwenye majibu ya watu.

"Mchagua nazi hupata koroma,"
alisema Asumini usiku ule, akigeuza chapati,
hata hakuniangalia.

Kisha Upanga. Bibi Gulbanu, ghorofa ya kwanza,
funguo ndani ya kopo la biskuti.
Chini, bandani, Corolla DX,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
namba A, ile wanayoicheka vijana wa maegesho.
Hakuna shingo itakayogeuka.
Sumaku ikashika mlango, ikashika kizingiti,
ikashika hadi Sikudhani akaibandua kwa mikono miwili.
Akafunua zulia: pakavu.
Akafunua boneti, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.
"Hii kabureta naifungua kwa bisibisi moja.
Na vipuri, Gerezani vimejaa tele."

Bibi akanipa daftari.
Mwandiko wa marehemu mumewe, wino wa bluu:
oili, plagi, feni belti, lita, kilometa.
"Bagamoyo na kurudi. Limechemka kidogo. Nimelisamehe."
Kisha ukurasa ambapo mwandiko unabadilika,
herufi kubwa, zinazotetemeka, wino mweusi:
"Nimeliwasha dakika kumi."
Wiki inayofuata: "Nimeliwasha dakika kumi."
Miaka sita ya dakika kumi.

"Wamekuja watu wa harusi," alisema.
"Wamekuja watu wa picha.
Wewe utaliendesha lini?"
"Kila siku."
"Hata mvua?"
"Hata mvua."
Akataja bei. Ilikuwa chini ya ile ya kwenye simu.

Kwenye ngazi Sikudhani akanibandika sumaku begani,
akangoja kidogo,
akacheka peke yake.

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri.
Kioo cha kuzungusha kwa mkono kimegoma nusu njia,
bega la kulia limelowa chapachapa.
Mtongani foleni haisogei,
wenye namba E wamejifungia ndani ya baridi yao.
Nikatoa kalamu ya kazini,
nikalaza daftari juu ya usukani:

"Lita kumi na tano. Mbagala, Muhimbili. Mvua.
Limewaka mara ya pili."